Lenzi ya Tundu Kubwa Inasumbua? Anza na Filta

Mwongozo huu ni wa wapiga picha wa Kigoma wanaofanya kazi na lenzi za tundu kubwa la kupitisha mwanga, yaani f/1.4, f/1.8 na f/2.8 (namba ndogo, tundu kubwa): wa harusi na kwaya, wa video za wasanii ufukweni, na wanaosindikiza wageni kwenye hifadhi ya sokwe ya Gombe. Malalamiko yanayoletwa ni yaleyale, na karibu yote huanza kwa kuituhumu lenzi. Lenzi inafungashwa, inapanda basi hadi Dar, inakaa kwa fundi, kisha inarudi na jibu kwamba haina ubovu wowote. Muda wote huo mkosaji amebaki Kigoma ndani ya begi: filta, yaani kioo cha bei ya chini kilichokuwa kimefungwa mbele ya lenzi.

Kwa hiyo kabla ya lolote, vua filta na upige picha ileile, kutoka palepale, kwa mipangilio ileile. Tatizo likiondoka, umempata mkosaji. Likibaki, usinunue filta nyingine bado, endelea kusoma.

Picha za mchana zinatoka nyeupe, hata shata ikiwa kwenye kasi ya mwisho

Hili ndilo linaloongoza, hasa msimu wa harusi, maharusi wanapotaka picha mbele ya stesheni ya reli saa saba mchana.

Anza na ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. Mara nyingi imebaki 1600 tangu ukumbini jana usiku. Irudishe 100. Kama ni video na umewasha mfumo wa log (unaotoa video iliyopauka ya kusahihishwa rangi baadaye), kamera nyingi hazikubali kushuka chini ya ISO 640 au 800. Zima log, au kubali kwamba utahitaji filta nzito zaidi.

ISO ikiwa sawa, kinachobaki ni hesabu, na hesabu hiyo haina mjadala. Jua la mchana lisilo na wingu, kwa ISO 100 na f/16, linataka shata (muda wa kupokea mwanga) ya sekunde 1/100 hivi. Fungua tundu hadi f/2.8, inakuwa 1/3200. Ukifika f/1.8 ni karibu 1/8000, na f/1.4 ni 1/12800. Kamera nyingi za bei ya kati zinaishia 1/4000. Ndiyo maana shela ya bibi harusi inageuka karatasi tupu wakati lenzi ni nzima kabisa.

Hapo ndipo filta ya ND inapoingia. Kazi yake ni kupunguza mwanga bila kubadili rangi. Kila hatua moja inakata mwanga nusu: ND2 ni hatua 1, ND4 ni 2, ND8 ni 3, ND64 ni 6, na ND1000 ni takriban 10. Kwa picha za mnato za watu kwenye jua kwa f/1.8, ND8 inakushusha kutoka 1/8000 hadi 1/1000, na hiyo inatosha.

Kwa video mambo ni mazito zaidi. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata inayofanya mwendo uonekane wa kawaida ni 1/50. Kwa f/2.8 juani utahitaji ND64. Kwa f/1.8 utahitaji kati ya ND128 na ND256, kabla hata hujawasha log. Wanaolalamika kwamba video yao ya ngoma inadundadunda, mikono ya wachezaji ikikatikakatika, wengi wao wamepandisha shata hadi 1/2000 ili kukwepa kununua filta.

Ukitumia flashi mchana, kamera nyingi zinakufunga kwenye 1/200 au 1/250. Kwa f/1.8 utahitaji ND32 au ND64, lakini kumbuka kwamba filta inakata mwanga wa flashi pia, kwa hiyo flashi ndogo inabidi isogezwe karibu sana na uso. Mimi hapo huona ni afadhali kumhamishia bibi harusi kivulini, chini ya mwembe. Miembe Ujiji haijapungua.

Baadhi ya kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zina shata ya kielektroniki inayofika 1/16000 au zaidi. Inasaidia kwa mtu aliyetulia. Kwa mtu anayecheza au mtumbwi unaopita kasi, vitu hupinda.

Jihadhari na maandishi ya pembeni ya filta. Kampuni nyingine haziandiki ND8, zinaandika 0.9. Nyingine haziandiki ND64, zinaandika 1.8. Hiyo 1.8 haina uhusiano wowote na f/1.8 ya lenzi yako. Kila 0.3 ni hatua moja, basi. Vilevile 3.0 ni ND1000. Usiiagize ukidhani ni ya hatua tatu, utaletewa kioo cheusi usichoweza hata kuona kupitia kwake.

Ukiwa na fedha ya seti ya filta sita za bei rahisi, nunua moja nzuri badala yake. ND8 kwa mpiga picha za mnato, ND64 kwa wa video.

Usiku, taa zinaonekana mara mbili

Mwezi haupo, mitumbwi ya dagaa imetapakaa ziwani mbele ya Kibirizi na taa zake zimewaka. Umepiga kwa f/1.4, picha ni kali, lakini angani, mahali pasipo na kitu, kuna msururu mwingine wa vidoa vya kijani. Mteja anauliza kama ni droni.

Chukua taa moja, uvute mstari kwa jicho kupitia katikati kabisa ya picha. Ukikuta kidoa upande wa pili, umbali uleule, basi ni filta. Mwanga umefika kwenye kihisi (sehemu ya kamera inayopokea picha), ukarudi mbele, ukagonga mgongo wa kioo bapa cha filta na kurudishwa tena ndani ukiwa umepinduliwa. Kioo kisichopakwa dawa ya kuzuia mng'ao hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso, na filta ina nyuso mbili. Mchana huoni. Usiku, taa kali kwenye giza, huwezi kuficha.

Sababu kwa mpangilio wa kawaida: filta ya ulinzi isiyopakwa dawa, filta mbili zilizopandishana, kioo chenye alama za vidole au mafuta, ambacho huzungusha duara la ukungu kwenye kila taa. Ujiji na sokoni mafuta ya mawese yako kila mahali, na mkono uliopokea chenji ndio huohuo ulioshika filta. Kama vidoa vinabaki hata filta ikiwa imevuliwa, hiyo ni miakisi ya ndani ya lenzi yenyewe. Badili pembe kidogo au punguza tundu hadi f/2.8. Hakuna cha kutengeneza hapo.

Kujua kama filta imepakwa dawa, ishike chini ya taa nyeupe na utazame taa inavyojiakisi. Ukiiona nyeupe na kali, ni kioo cha dirisha. Ukiiona hafifu, ya kijani au zambarau, dawa ipo.

Hapa nina msimamo: filta ya ulinzi ivaliwe ufukweni, barabarani kwenye vumbi jekundu na ndani ya boti. Ivuliwe usiku na kwenye kumbi zenye taa za jukwaa. Na usilipe zaidi kwa sababu imeandikwa UV, yaani ya kuzuia miale ya urujuanimno. Kamera ya kidijitali tayari ina kizuizi cha miale hiyo mbele ya kihisi. UV ilikuwa na maana zaidi enzi za filamu. Lipia dawa ya kioo na ubora wa pete. Kwa kuanguka, hudi ya lenzi (kofia inayovalishwa mbele yake) hukinga vizuri kuliko kioo chembamba. Jambo moja la kuangalia: kuna lenzi zinazodaiwa kuzuia maji ambazo mtengenezaji mwenyewe anasema kinga hiyo haijakamilika mpaka uweke filta mbele. Soma kijitabu chake kabla ya kupanda boti ya kwenda Gombe.

Suti nyeusi imekuwa ya kahawia

Tofautisha mambo mawili. Kama picha nzima imeelekea unjano au kijani, shati jeupe likiwemo, kioo cha ND kina rangi yake. Weka filta kwanza, kisha pima waiti balansi (mizani ya rangi nyeupe) upya kwa karatasi nyeupe mbele ya lenzi, au rekebisha kwenye RAW (faili ghafi la picha). Hilo linapona.

Kama shati limebaki jeupe na ngozi iko sawa, ila suti nyeusi, au joho la kwaya la kitambaa cha nailoni, limegeuka kahawia au zambarau iliyoiva, hiyo ni miale ya infraredi. ND nzito inakata mwanga unaoonekana lakini ile miale inapita, na vitambaa vingi vya kisasa vyeusi huirudisha kwa wingi. Kadiri ND inavyokuwa nzito ndivyo tatizo linavyokua. Waiti balansi haitaliondoa, maana ukisahihisha suti unaharibu uso. Dawa yake ni ND iliyotengenezwa kuzuia infraredi pia. Pembeni huandikwa IRND. Ukiwa na harusi Jumamosi na filta hiyo hunayo, shuka hadi ND8 na uende kivulini.

Alama ya X, au anga nyeusi upande mmoja

Hii ni ND ya kuzungusha, ile inayotoka ND2 hadi ND400 kwa pete moja. Ndani yake ni vioo viwili vya polaraiza, vinavyochuja mng'ao. Ukizungusha kupita kiasi, hasa kwa lenzi pana, kivuli cha X kinajichora katikati. Rudisha nyuma hadi kitoweke, na uweke alama ya kalamu kwenye pete hapo, usiivuke tena. Filta bora zina kizuizi cha kusimamisha pete kabla ya X. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye kasha huwa ni ya matangazo tu.

Anga iliyogawanyika haina X, ila upande mmoja ni buluu nzito na mwingine umepauka. Ni polaraiza ileile. Inatokea zaidi asubuhi na jioni ukipiga kuelekea kaskazini au kusini kwa lenzi pana. Ukielekea magharibi, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, tatizo hili karibu halionekani. Badili mwelekeo, tumia lenzi ndefu zaidi, au tumia ND isiyozunguka. Hakuna mpangilio wa kamera utakaokuokoa.

Wapiga video wanaipenda hii filta kwa sababu ya haraka, nami siwakatazi. Ila inaondoa mng'ao wa asili kwenye ngozi na kwenye maji, na ziwa lisilong'aa huonekana limekufa.

Picha laini, fokasi inatangatanga

Kabla ya kugusa filta, jiulize kama ni tundu lenyewe. Lenzi ya 85mm kwa f/1.4, kwenye kamera ya fremu kamili, mtu akiwa mita 2 mbele yako: eneo lililo kwenye fokasi lina kina cha sentimita 4 au 5 tu. Akiegemea mbele kidogo baada ya kufunga fokasi, jicho limeshapotea. Nenda f/2.8 ulinganishe.

Pili, ND iliyosahaulika. Chini ya miti ya Gombe mwanga ni hafifu, na ukiwa umetoka ufukweni na ND8 mbele, shata inashuka hadi picha inatikisika. Fokasi nayo inakosa mwanga wa kufanyia kazi, inakwenda mbele na kurudi. Vua ND kabla ya kuingia msituni. Kwa ND1000, funga fokasi kwanza bila filta, badili iwe ya mkono, ndipo uivalishe taratibu bila kugusa pete ya fokasi.

Tatu, kioo duni. Lenzi pana huvumilia. Lenzi ndefu yenye tundu kubwa, kama 70-200 f/2.8 au 135 f/2, haivumilii. Sheria haikuruhusu kuwasogelea sokwe, kwa hiyo wengi wako mwisho wa zumu, na hapo filta ya bei rahisi inaumbuka. Jaribu hivi: kamera kwenye stendi, tafuta kibao cha duka chenye maandishi ng'ambo ya barabara, tundu likiwa wazi kabisa, tumia taima. Piga picha tatu bila filta na tatu ukiwa nayo, ukifunga fokasi upya kila mara. Kuza maandishi ulinganishe. Tazama pia taa au majani yaliyo nje ya fokasi: yakiwa na mistari mistari ndani ya maduara yake, kioo hakijanyooka.

Ikiwa ulaini upo hata bila filta, na fokasi inaangukia mbele au nyuma ya jicho kila mara kwa umbali uleule, hapo simama. Kama kamera yako ina menyu ya kurekebisha fokasi kwa lenzi, ijaribu. Isiposaidia, ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kupimia. Usifungue skrubu yoyote ya lenzi.

Pembe nyeusi

Lenzi nyingi za tundu kubwa hutia giza pembeni zikiwa wazi, ni kawaida. Punguza hadi f/5.6. Giza likiyeyuka, ni lenzi. Likibaki na kuwa na ukingo mkali zaidi, ni pete: umepandisha ND juu ya filta ya ulinzi, au pete ni nene mno kwa lenzi pana. Vua ya ulinzi.

Filta haiingii

Saizi ya filta si urefu wa lenzi. Lenzi ya 50mm haitaki filta ya 50mm. Tafuta alama ya duara lililokatwa na mstari, Ø, mbele ya lenzi au nyuma ya kifuniko chake. Canon EF 50mm f/1.8 STM ni 49, EF 85mm f/1.8 ni 58, na 70-200 f/2.8 nyingi ni 77. Mwenye lenzi kadhaa anunue ND ya saizi kubwa kuliko zote na pete za kuunganishia (step-up) kwa zilizobaki. Filta zinaagizwa kutoka mbali. Kukosea saizi kunagharimu nauli ya kwenda na kurudi. Ubaya wa pete ni kwamba hudi ya lenzi ndogo haitakaa tena.

Kama saizi ni sahihi na inaingia upande mmoja tu, usilazimishe. Izungushe kinyume taratibu hadi uhisi nyuzi zimeanguka mahali pake, kisha ndipo ukaze. Ukingo wa lenzi ukiwa umebonyea, mwachie fundi. Ana kibano cha kuunyoosha. Plaizi itakuachia ukingo uliopasuka.

Filta imekwama

Kosa la kawaida ni kuibana kwa nguvu kwa vidole viwili. Pete inakuwa yai na nyuzi zinajibana zaidi. Gandamiza kiganja kilichovaa glavu ya mpira juu ya pete nzima, bila kusukuma kioo, ukizungusha kinyume cha saa. Ikikataa, zungusha mpira mpana kuizunguka pete, ule wa kufungia noti unafaa, ushike kwa vidole vyote. Kuna vibano vya plastiki vya kazi hii pia, ni vya bei ndogo.

Usitie mafuta wala WD-40. Yatapenya hadi kwenye kioo cha mbele. Kama ni mchanga wa ufukweni umeingia kwenye nyuzi, utausikia unakwaruza. Hapo acha kuzungusha, puliza kwa kipulizia cha mkono huku lenzi ikitazama chini, kisha rudia. Ikiendelea kukwaruza, ni ya fundi.

Ukungu, matone na michirizi ya mwanga

Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaenda moja kwa moja ziwani, kioo kinalia. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa hivi. Ukungu ukiwa kati ya filta na lenzi, ivue mahali pakavu. Ukiwa ndani ya lenzi na hauondoki baada ya siku nzima, au ukiona nyuzi nyuzi nyeupe zimejichora kwenye kioo cha ndani, usipige tena na usiiweke pamoja na lenzi nyingine. Hiyo ni fangasi.

Matone ya ziwa yakikauka yanaacha madoa. Yapulize, kisha tumia kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa dawa ya lenzi. Fulana hapana, vumbi letu ni mchanga.

Michirizi ya zambarau kwenye picha za sekunde nyingi kwa ND1000 mara nyingi ni mwanga unaopenya kwenye tundu la kuchungulia la DSLR (kamera yenye kioo cha ndani). Lifunike. Na hili ni la kusimama kabisa: ND ya picha si kinga ya jicho. Usichungulie jua kupitia tundu la DSLR ukitegemea ND, hata likiwa linazama na limekuwa jekundu, na usiiache lenzi ndefu iliyo wazi ikilitazama jua. Kwa kupatwa kwa jua kuna filta zake maalumu.

Filta imepasuka ikiwa kwenye lenzi

Igeuze lenzi itazame chini mara moja. Toa vipande vikubwa kwa kibano, puliza vilivyobaki, na usifute kitu. Unga wa kioo ndio utakaochora lenzi. Pete ikitoka, angalia kioo cha mbele kwa tochi ya simu ukiishikilia ubavuni. Ikiwa safi, piga picha ya majaribio kwa tundu lililo wazi na nyingine kwa f/16.

Pete ikikataa, ukisikia kitu kinacheza ndani, au zumu ikiwa nzito kuliko jana, usiendelee. Funga lenzi kwa kifuniko cha nyuma, izungushie sponji, na uambatanishe karatasi yenye mambo matatu: ilianguka au la, tatizo linaonekana kwa tundu gani, na linabaki au linaondoka bila filta. Weka na picha mbili za mfano kwenye flashi ya USB. Fundi aliyepata hayo hahitaji kukupigia simu mara tano.